Saa ya Kusoma ya Wafua Mashuka

"Hivi dada, watu waliokufa zamani walidai haki zao, wakazipata au wakazikosa, shauri yao. Wewe unafua mashuka ya wagonjwa. Wanakuhusu nini?"

Aliyeuliza alikuwa jirani yake, muuza mkaa wa pale kwenye kona, mtu wa maneno mengi lakini asiye na ubaya. Alimwona Bi Mikunjo akipita asubuhi na kitabu kwapani, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki kisilowe, akadhani ni kitabu cha ibada. Alipoambiwa kuwa ndani yake mna hati za kale za watu waliodai haki na uhuru, alicheka mpaka vumbi la mkaa likampalia. Bi Mikunjo hakukasirika. Alimwambia, "Ngoja kwanza nikimalize," akaenda zake kazini. Lakini lile swali lilimganda kama ruba, na alifika kazini nalo.

Jina la Bi Mikunjo hakupewa na mama yake. Alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali, kwa sababu shuka likipita mikononi mwake, pembe hukutana na pembe kama watu waliopeana ahadi. Alisoma hadi darasa la saba akaishia hapo, maana mama yake aliugua na wadogo zake walihitaji mtu wa kuwapikia na kuwafulia. Hakumlaumu mtu. Alifua za wadogo zake, akaolewa na fundi seremala akafua zake na za watoto, watoto wakakua wakaenda kwao, naye akaajiriwa kufua za wagonjwa. "Maji na sabuni ndiyo sekondari yangu," alikuwa akisema, na watu wakicheka yeye hacheki.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya hospitali, karibu na tangi la maji. Kulikuwa na mapipa ya kuchemshia, mabeseni marefu ya saruji, mashine ya kukamulia iliyokuwa ikiruka kama imepandwa na pepo, na meza ndefu ya kupigia pasi. Baada ya chakula cha mchana, nguo za kambani zikishakauka, wanawake walikunja mashuka wawili wawili. Huyu anashika pembe mbili huku, yule pembe mbili kule, wanavuta, wanaendeana, wanakutana, wanarudi nyuma. Na hapo ndipo palipokuwa na desturi yao. Mmoja hakunji. Anakaa juu ya tenga lililofunikwa, anawasomea wenzake kwa sauti, na mashuka yake wanamkunjia wao. Ilianza na maandiko matakatifu, na kwa miaka mingi msomaji alikuwa Bi Mikunjo, kwa kuwa sauti yake ilipita juu ya mlio wa mashine bila yeye kupiga kelele.

Sheria ilikuwa moja. Aliyepata swali hasogei. Anabaki ameshika pembe zake, shuka limekazwa hewani, mpaka ajibiwe.

Kitabu cha hati kilikuja ndani ya nguo chafu. Wafuaji hukuta mengi ndani ya mashuka: vijiko, meno ya bandia, siku moja walikuta hata pete ya ndoa. Siku hiyo ilikuwa kitabu chembamba kisicho na jalada, na Bi Mikunjo alikifuatilia mpaka wodi ya wanaume, kwa mzee mmoja aliyevunjika mguu, mwalimu mstaafu.

"Umekifungua?" mwalimu akamuuliza.

"Nimekifungua, mwalimu. Nimesoma ukurasa mmoja. Uniwie radhi."

"Radhi ya nini? Nenda kamalize zilizobaki. Lakini sikiliza, mama. Kitabu cha ibada unakisoma umeinama, na ni sawa. Hiki kisome umekaa wima. Jiulize nani anasema, anamwambia nani, na nani hakutajwa kabisa."

Aliporuhusiwa kwenda nyumbani alimwachia kitabu. Alisema yeye ameshagombana nacho vya kutosha, sasa ni zamu ya mwingine.

Sasa, kusoma umekaa wima ni jambo jepesi kulisema. Bi Mikunjo alikuwa mtu wa sala tangu utotoni, na kwake yeye kitu kilichopigwa chapa kilikuwa na heshima yake. Siku ya kwanza alikaa juu ya tenga, akajifunga kitambaa vizuri kichwani, akasoma hati ya kwanza kwa sauti ileile ya maandiko, polepole, akishusha pumzi mwisho wa kila mstari. Ilikuwa hati ya vibarua wa mashamba makubwa ya nchi fulani ya mbali, wakimwandikia mtawala wao. "Ewe Mkuu, jua letu na kivuli chetu, sisi vumbi la viatu vyako tunainua macho yetu kwako..." Akaendelea hivyo mpaka chini ya ukurasa. Alipomaliza, sauti ndogo kutoka upande wa dirishani ikaitikia:

"Amina."

Chumba kizima kiligeuka. Si kwa sababu ya ile Amina, ingawa ilikuwa kichekesho. Ni kwa sababu aliyeitikia alikuwa Kimya.

Kimya alikuwa mdogo kuliko wote pale. Aliajiriwa muda mfupi baada ya kumzika mumewe, na tangu aingie hakuna aliyemsikia akisema zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Jina lilimkaa lenyewe. Wenzake walimwonea huruma mpaka wakaizoea huruma yenyewe, wakawa wanampita kama unavyopita kiti.

Bonge, mwanamke mnene wa mwili na wa roho, ndiye aliyekuwa upande wa pili wa shuka la Kimya. "Mwenzangu," akamwambia kwa upole, "hapo hatuombi Mungu. Hapo vibarua wanamwomba bwana wao."

Kimya hakusogea. Shuka lilikuwa limekazwa. "Mbona wanamwita jua na kivuli pamoja?" akauliza. "Mtu anakuwaje vyote viwili?"

Walisimama hapo na mashuka yao hewani, na Bi Mikunjo akarudia kusoma, safari hii kwa sauti ya kawaida, kama anasoma tangazo ukutani. Ilisikika tofauti kabisa. Wakaona kwamba sifa zimejaza ukurasa wote, na ombi lenyewe limejificha chini kabisa, nusu mstari tu: "na ikikupendeza, tupate maji ya kunywa tukiwa shambani." Ukurasa wa pili palikuwa na jibu la mtawala. Alikuwa amefurahishwa na adabu yao, na aliwatakia afya njema.

"Na maji?" Bonge akauliza.

"Hakuyataja."

"Walimvika kilemba cha ukoka, akakivaa akaenda nacho," Bonge akasema, na wote wakacheka, na Kimya akacheka nao.

Tangu hapo saa ya kusoma ikawa kitu kingine. Bi Mikunjo alikuwa akisoma sentensi moja, na mashuka yakasimama. Walijifunza kusikia neno linapopiga magoti na linaposimama. Walijua hati inayosema "sisi" na inayosema "wao". Na aliyeuliza zaidi ya wote alikuwa Kimya, kana kwamba maswali ya miezi yote ile yalikuwa yamepanga foleni kooni mwake yakisubiri mlango ufunguliwe. Bi Mikunjo alikuwa akimtazama kutoka juu ya tenga, na moyoni akimshukuru Mungu kwa kitabu kile kisicho na jalada.

Ndipo ikaja siku ya wanga.

Hati ya siku hiyo ilikuwa tangazo la baraza la mji mmoja uliokuwa umemfukuza mfalme wake. Maneno yake yalikuwa makubwa na matamu. "Kila mtu wa mji huu ni huru, na kila mtu ana sauti." Wanawake walipiga vigelegele. Bi Mikunjo akageuza ukurasa, akashusha sauti. "Sauti hiyo itatumiwa na kila mwenye nyumba ya mawe na mtumishi asiyepungua mmoja."

Mashuka yote yakasimama.

"Na huyo mtumishi mmoja," Kimya akasema, "naye si mtu?"

"Walianza mahali, shoga," Bonge akajibu. Yeye alipenda kuwatetea watu, hata waliokufa. "Nyumba haijengwi kuanzia kwenye paa."

"Msingi gani huo unaomwacha nje anayebeba mawe?"

"Ungekuwapo wewe ungefanyaje?"

"Nisingekuwapo. Ndiyo nasema. Asiyekuwapo na lake halipo. Mfua nguo zao alikuwa wapi siku wanaandika?"

Wakabishana mpaka mashine ikazimwa ili wasikilizane. Bonge, katika kubishana, aliacha mashuka yake akaenda kwenye mabeseni kuendelea na kazi, mdomo ukiwa huku na mikono ikiwa kule. Ndoo ya wanga, ile ya kukazia makoti ya madaktari, ilikuwa imekaa pale. Akaimimina yote kwenye beseni la mashuka ya wodi ya wazazi. Hakuna aliyeona. Yakaanikwa, yakapigwa pasi na mwingine aliyekuwa bado anabishana, yakapelekwa.

Asubuhi yake hospitali nzima ilikuwa inazungumza. Kina mama waliojifungua walikuwa wamelala juu ya kitu kama kadibodi. Kila mtu akijigeuza, wodi nzima inasikia.

Msimamizi wa wafuaji, kijana mmoja waliyemwita Funguo kwa sababu ya mzigo wa funguo kiunoni, alikuja akiwa ametoka kukaripiwa kwa Katibu wa hospitali, na alikuja na moto wake wote.

"Mnasoma nini humu ndani? Siasa?"

"Tunasoma hati za zamani, mwanangu," Bi Mikunjo akasema.

"Mama, nakuheshimu, una umri wa mama yangu. Lakini hapa ni kazini. Kuanzia leo hakuna kusoma. Si hati, si nini. Anayetaka kusoma akasome kwake."

Akaondoka, na mlio wa funguo ukamfuata ukumbini.

Hakukuwa na la kubisha. Kosa lilikuwa lao, na Bi Mikunjo hakutaka kulipaka rangi. Siku iliyofuata walikunja bila msomaji. Kazi iliisha mapema kidogo, na chumba kilikuwa kizito kama nguo iliyolowa. Siku ya pili hivyohivyo. Lakini Bi Mikunjo hakuwa akiangalia kazi. Alikuwa akimwangalia Kimya. Bonge alimuuliza kama ana sabuni ya kutosha, akajibu, "Ndiyo." Akamuuliza kama anaumwa, akajibu, "Hapana." Siku ya tatu hakujibu kitu, alitikisa kichwa tu. Mlango uliofunguka ulikuwa unajifunga tena polepole, na kila mtu chumbani aliusikia.

Jioni ile Bi Mikunjo alikaa kwenye ngazi ya nyumba yake akimtazama mumewe akipiga randa. Mzee wake alikuwa mtu wa maneno machache, lakini alimjua mkewe.

"Umekasirika na nani?"

"Sijakasirika. Nakata shauri. Nitakwenda kwa Katibu kuomba saa yetu ya kusoma."

Randa ikasimama. "Mkubwa huombwa, mke wangu. Ukienda, nenda na unyenyekevu. Piga goti kidogo, hupungukiwi kitu."

"Nitamwomba, baba watoto. Lakini magoti yangu nimeshayaweka kwa Mungu, asubuhi na jioni. Na hayo nayo yananiuma."

Mzee akacheka, akaendelea na randa yake.

Usiku alipiga magoti hayohayo akamweleza Mungu habari za Kimya, na asubuhi akaamka amejifunga kibwebwe. Aliwakusanya wenzake uani, kwenye kamba za kuanikia, Funguo akiwa hayupo.

"Kwanza," akawaambia, "tutakwenda wodi ya wazazi kuomba radhi. Kitanda kwa kitanda."

"Mbele ya kila mmoja?" Bonge akauliza, maana wanga ulikuwa mkono wake.

"Mbele ya kila mmoja. Si wewe peke yako. Wote tulikuwa tunabishana."

Walikwenda. Kina mama wengine walikuwa wameshasahau, wengine walitaka kusikia kisa kizima. Mmoja aliyekuwa akinyonyesha alisema, "Mimi shuka langu lilikuwa linalia kuliko mtoto. Nikashindwa nimbembeleze yupi." Bonge aliomba radhi mpaka akatokwa machozi, na yule mama ikabidi ambembeleze yeye.

Waliporudi uani, ndipo kazi yenyewe ilipoanza: wakamwombe Katibu vipi?

"Tumsifu," Bonge akasema. "Tumwambie hospitali haijapata Katibu kama yeye, sisi ni wanyonge, wengine ni wajane. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni."

Sauti ikatoka nyuma ya shuka lililoanikwa.

"Nyoka akishatoka pangoni, unamfanya nini, shoga?"

Alikuwa Kimya, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusema zaidi ya "ndiyo" na "hapana" tangu kusoma kupigwe marufuku. Bi Mikunjo aliinama kama anayeokota kibanio kilichoanguka, kuficha furaha yake.

"Anasema kweli," Bi Mikunjo akasema alipoinuka. "Mmesahau wale vibarua? Walijaza ukurasa kwa sifa, mtawala akajibu sifa. Maji yalipata nusu mstari, basi naye akayapita. Mtu hujibu kile ulichompa kingi."

"Basi tudai," mwingine akasema. "Tugome. Waone watalalia nini."

"Watakaolala bila shuka ni wagonjwa, si Katibu. Na sisi tuna kosa. Mwenye kosa akianza kwa kupiga kelele, kosa lake ndilo linalosikika."

Wakamuuliza basi wasemeje. Akakitoa kitabu kwenye mfuko wa plastiki, akafungua kurasa za mwisho, kwenye hati fupi kuliko zote. Walioiandika walikuwa wachota maji wa mji fulani, wanawake peke yao. Aliisoma akiwa amesimama, kati ya kamba mbili. "Sisi wachota maji tumekutana hapa kisimani. Kisima kimefungwa na sisi hatukuulizwa. Tunataka kifunguliwe asubuhi na jioni. Tutakisafisha wenyewe."

"Basi?" Bonge akauliza.

"Basi. Wamejitaja wenyewe kwanza, hawakujiita vumbi. Kisima wamekitaja, na saa wamezitaja. Na kazi yao nayo wameitaja. Lile tangazo la mji lilisema 'kila mtu' na 'uhuru', maneno makubwa, lakini ukitafuta nani afanye nini, hupati. Hawa hawakuutaja uhuru hata mara moja. Ila ukimaliza kuwasoma unajua mlango upi ufunguliwe."

Kwa siku kadhaa alilitengeneza ombi lake kwenye meza ya pasi. Hakuliandika. Alilisema kwa sauti, akapitisha pasi, akalisema tena. Bonge alijaribu kuchomeka "mtukufu", likaondolewa. Kimya aliketi kama hakimu. "'Sana' la nini hapo?" akauliza. "Tukiomba sana na tukiomba, si ni kuomba kulekule?" Likatoka. Mahali pagumu palikuwa kosa lao, maana wachota maji hawakuwa wamekosa kitu, na kitabuni hapakuwa na wa kuwaiga. Likiwekwa mwisho, Katibu angebaki nalo masikioni. Likiachwa, lingekuwa uongo, na Bi Mikunjo hakuwa tayari kwa uongo hata ule wa kunyamaza. Akaliweka mwanzo, likasemwa mara moja, bila machozi. Kwenye mlango wa ofisi anaweza kupita mtu na kosa lake, alisema, mradi asilibebe kama bendera.

Walimwambia Funguo kwanza, ili asije akasikia kwa watu. Aliguna, akasema yeye hawazuii kwenda, wala hawapeleki. Lakini asubuhi ya siku yenyewe aliwafungulia mlango wa ukumbi wa ofisi kwa ufunguo wake mwenyewe, akawaambia Katibu yupo.

Waliingia watatu: Bi Mikunjo, Bonge na Kimya. Ofisi ilikuwa na feni iliyokuwa ikigeuza kichwa huku na huku kama mtu anayekataa, na simu iliyolia mara mbili kabla hawajaketi. Katibu alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye macho ya kukosa usingizi. Aliwasikiliza salamu zao zote, akaitikia zote.

"Ni mambo ya yale mashuka?" akauliza.

"Ni hayo na mengine, Bwana Katibu."

"Nimesikia mlikwenda wodini kuomba radhi." Akatabasamu kwa dhati. "Nimefurahi sana. Huo ndio utu. Kwangu mimi jambo limekwisha, hakuna atakayeandikiwa onyo. Nendeni mkaendelee na kazi kwa moyo mweupe, na Mungu awape afya njema."

Akanyoosha mkono kuchukua simu. Bonge alikuwa ameshainuka, amekwisha kukunja kiuno nusu, "Ahsante, ahsante mno Bwana Katibu," na mguu wake mmoja umekwisha kuelekea mlangoni. Kimya hakuinuka. Alikaa vilevile, mikono imekaza ukingo wa kiti, kama mtu aliyeshika pembe zake za shuka.

Bi Mikunjo alimwona. Alisikia sauti ya mumewe ikimwambia piga goti kidogo. Msamaha ulikuwa mkononi mwake na ulikuwa mtamu, na ingekuwa rahisi kuondoka nao. Mtawala wa vibarua naye alikuwa amewatakia afya njema.

"Bado, Bwana Katibu," akasema.

Katibu akairudisha simu mahali pake. "Bado nini, mama?"

"Tunashukuru kwa msamaha. Lakini sicho tulichojia."

"Haya. Mnaomba nini?"

Bonge akakaa tena. Feni ikageuka ikawapulizia, ikageuka ikawaacha. Bi Mikunjo alikunja mikono yake mapajani na kusema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia juu ya tenga:

"Sisi ni wafuaji wa hospitali hii. Siku ya wanga tulikosea. Tunaomba saa yetu ya kusoma irudi, baada ya chakula cha mchana, wakati wa kukunja. Atasoma mmoja, na kazi yake tutaifanya sisi. Wakati mashuka yako kwenye maji hatutasoma. Tunaomba utujibu leo tukiwa hapa, na kama ni hapana, utuambie kwa nini."